Kimya Hadi Saa Sita

Chungu kimoja, wapishi ishirini na saba. Mmoja akitema, wote hulala njaa. Ukishindwa kukitegua kitendawili hiki, muulize Vaiva, mama wa pwani ya Baltiki aliyezeekea katika ofisi za Umoja wa Ulaya, Brussels, akiiwakilisha nchi yake ndogo.

Asubuhi hiyo rasimu ya tamko la nchi zote ilikuwa imeshatumwa kwa kila mwakilishi. Desturi yao hawanyoshi mikono. Hupewa saa, ikifika bila aliyepinga, kimya kimekuwa ndiyo. Nchi moja ikinena tu, tamko limekufa. Tamko hili lilimtaka jirani wa mashariki awaachie wafungwa wake kabla ya hukumu ya mchana. Miongoni mwao alikuwamo Linas, mwandishi wa habari, mtoto wa mdogo wake Vaiva.

"Mama Vaiva, ona," alisema Ottavio, Mwitaliano wa meza ya pili. "Nchi moja bishi imetishia, tukalizimua tamko mpaka likawa maji ya kuoshea mchele. Tungepiga kura, wengi wape, yakaisha."

"Wengi wape! Zamani wakubwa walipokubaliana, sisi ndio tuliogawanywa kama keki. Kura ya turufu ndiyo mlango wangu. Siung'oi."

"Mlango gani huo, unamfungia mtoto wako nje?"

Vaiva alimega mkate mweusi. Simu ikalia. Alikuwa Genovaitė, mama yake Linas.

"Dada, limepita?"

"Bado. Saa sita."

"Jina la mwanangu limo?"

"Wamelifuta, ili wale wabishi wakubali. Wameandika 'waliozuiliwa'."

"Kwani nilimzaa 'waliozuiliwa'?" Kisha sauti ikashuka. "Lipite hivyo hivyo, dada. Wakili anasema hakimu ataogopa, Ulaya ikisema lolote."

Saa sita ilipokaribia, amri ikaja kutoka serikali ya kwao: bila jina, pinga. Vaiva akampigia waziri wake.

"Mheshimiwa, nakuomba tunyamaze."

"Nimewaahidi wananchi jina litakuwamo. Na ni wewe uliyenifundisha, mama, kwamba mdogo asiyekataa humezwa. Pinga."

Ottavio alikuwa amesikia. Akamnong'oneza, "Sema mtandao ulikatika. Dakika chache tu. Nani atajua?"

Nani atajua! Vaiva alitazama mikono yake. Siku nchi yake itakapolazimika kukataa jambo ili iokoe roho yake, nani ataiamini, kama leo kukataa kwake kunaweza kuzimwa kwa kisingizio cha mtandao? Akaandika mstari mmoja wa kupinga, akautuma. Nchi bishi haikutamka neno. Tamko lile lililozimuliwa lilishaifaa.

Mchana hakimu alimsomea Linas miaka kumi na miwili jela. Ulaya ilikuwa bado inatafuta maneno mapya.

"Dada," Genovaitė alilia kwenye simu, "ni wale washenzi, siyo? Ndio waliokataa?"

Vaiva angeweza kuitikia tu.

"Hapana, mdogo wangu. Ni sisi. Na mkono ni wangu."

Genovaitė hakukata simu. Wala hakusema kitu.