Michango Iliyorudi Kabambare

Pikipiki ilikuwa imekwisha kuvuka kijito cha tatu kutoka Lusangi ndipo Antoine alipokumbuka kwamba hakuufunga mlango wa nyumba. Hakumwambia dereva ageuze. Alikuwa na kikapu cha karanga mapajani, na alitaka kumkuta mheshimiwa Dieudonnée, mbunge wao, huko Kabambare kabla hajaondoka kwenda Kinshasa. Redio ilisema wabunge wataipigia kura sheria ya machimbo wiki ijayo. Kampuni ya dhahabu ilitaka eneo lake liongezwe, na mstari mpya wa ramani ulipita juu ya shamba la Antoine: michikichi sitini, mihogo, na kaburi la mkewe Pascaline pembeni ya mihogo.

"Muzee, mbuzi bado?" dereva aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Basi ungali na shamba."

Huko watu wote walikuwa wakiulizana hivyo. Wakati wa kampeni Dieudonnée hakuwa na kitu. Alizunguka kijiji kwa kijiji, na kwa desturi ya kwao mgeni aliyekuja kuomba hakuachwa aondoke mikono mitupu. Mama Waridi, mwenye duka, alitoa magunia mawili ya mchele. Mwalimu Joël alitoa kipaza sauti chake. Antoine, aliyekuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, alitoa mbuzi jike wa kahawia, sikio la kushoto limechanika. Mbuzi alichinjwa palepale Lusangi na Antoine mwenyewe akala ini. Kamaldine, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, alitoa gari jipya na mafuta ya kampeni nzima.

Dieudonnée alipata kiti. Miezi minane baadaye, bungeni, pesa za barabara ya Kasongo zilihamishiwa kwingine, naye akanyoosha mkono kukubali. Mchana uleule magunia mawili yalikuwa juu ya kaunta ya Waridi, yameshonwa kwa uzi uleule. Mchele huo ulikuwa umeliwa zamani. Waridi aliupima akauuza. Wateja walisema ni mzuri, ila una mchanga kidogo.

Halafu ikaja kura ya mishahara ya walimu. Kipaza sauti kilionekana kwenye dirisha la Joël, betri zimechoka. Joël alichukua ubao wa darasa la nne akauchora safu tatu: tarehe, kura, kilichorudi. Watu walipita kuusoma wakitoka sokoni. Redio ilichelewa siku tatu, ubao haukuchelewa. Mbele ya jina la Kamaldine hapakuandikwa kitu, maana gari halikurudi hata siku moja.

Antoine alimkuta mheshimiwa uani, amevaa kandambili, masanduku yakipakiwa.

"Mujomba! Utakufa na pikipiki, weye. Kaa. Ulikula?"

"Nilikula. Mama, nimekuja kwa ile sheria."

"Najua."

"Usinyoshe mukono. Ni hiyo tu. Sitaki kingine."

Dieudonnée alichota karanga kikapuni akazimenya polepole. Alikuwa akimpenda mjomba wake, na Antoine alilijua hilo.

"Chama kikisema tunyoshe, tunanyosha," alisema. "Nikibaki peke yangu mukono chini, kesho nitakuwa nani?"

"Mbuzi yangu ulikula."

"Nilikula, na ilikuwa tamu." Aliweka kiganja tumboni. "Iko hapa, mujomba. Haitatoka."

Kamaldine, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele cha gari, alipiga honi. "Honorable, ndege haingoji mutu!" Kisha akamsalimia Antoine kwa adabu. "Muzee wa Lusangi, salama? Ile michikichi ingali inazaa?"

"Inazaa."

"Vizuri sana," alisema Kamaldine.

Dieudonnée alimpa mjomba kitenge na nauli ya kurudia, akapanda gari.

Antoine alipita dukani kwa Waridi, ambaye kwa heshima alimwita kwa jina la binti yake.

"Baba Elsa, sisi tulimupa kama mugeni," Waridi alisema. "Kamaldine alitoa kama mutu anayenunua. Mugeni akishiba anaenda zake."

"Ni mutoto wa dada yangu."

"Nimesikia. Hata mutoto anashiba."

Njiani Antoine aliwaza. Mchele ulirudi kwenye kaunta yake, kipaza sauti kwenye dirisha lake. Kila kitu kilirudi mahali pake. Mbuzi asiye na mahali angerudi wapi? Alipofika alilivunja zizi, akachoma miti yake yote na kulima pale lilipokuwa.

Alhamisi ya kura, saa nne asubuhi, mbuzi alikuja kwa njia ya shambani, kwato zina vumbi jekundu la barabara. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika. Alilipita jivu, akaenda kulala kando ya kaburi la Pascaline. Antoine alimshika shingo akaitazama. Haikuwa na kovu.

"Rudi," alimwambia.

Mbuzi alicheua. Antoine alikaa naye kwa muda, kisha akamletea maganda ya mihogo, kwa sababu alikuwa ametoka mbali.

Kesho yake alimfunga kamba akatembea naye mpaka Kabambare ili amtoe tena kama mchango. Mlangoni, Carine, wifi yake mheshimiwa, alikataa kumpokea mbuzi. "Ilisharudi, baba. Iliyorudi hatupokei." Antoine alienda shuleni.

"Saa ngapi?" Joël aliuliza.

"Saa ine."

Joël aliandika. Redio ilitangaza Jumapili.

Sheria ilitiwa sahihi mwezi wa sita. Kampuni iling'oa michikichi arobaini na minane. Kumi na miwili ilibaki nje ya uzio, na mpaka sasa haijulikani ni ya nani. Kaburi la Pascaline lilihamishiwa karibu na barabara, likapigwa saruji. Waridi alifunga duka, maana malori hayakupita tena. Joël alipelekwa kufundisha Nyangwe, na aliyemfuata akaufuta ubao apate pa kufundishia hesabu. Kamaldine alinunua gari lingine. Mbuzi alizaa mapacha. Antoine alihamia Kasongo kwa Elsa, akalima kiwanja cha watu, akapungua mwili.

Katika uchaguzi uliofuata, kadi yake ya kura ilikuwa bado ya Lusangi, kwa hiyo gari la kampeni lilikuja kumchukua pamoja na wazee wengine. Alisimama mstarini tangu alfajiri. Alimpigia kura Dieudonnée, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na kwa kuwa kati ya wagombea wote ndiye pekee aliyewahi kula kwake.