Chupa Nne za Achari

Tangu kiharusi kimwangushe dukani, baba yangu, Suud, alisahau Kiswahili chote. Kilichobaki ni Kiarabu cha utotoni mwake Hadhramaut, nasi nyumbani tulijua Kiarabu cha kusalia tu. Aliongea, tukamtazama. Mwishowe akanyamaza.

Redio peke yake ndiyo iliyomtoa kimya. Jioni, habari za Kiarabu zilipoanza, alikaa kitandani akabishana na msomaji, na mara nyingine akacheka. Kisha betri zikafa, na madukani hazikuwapo tena.

Devendra, jirani yetu hapo Mchafukoge, fundi wa redio, alinifundisha kutumia umeme wa nyumbani.

"Huu unakwenda na kurudi, dada. Redio inataka uende tu."

Nikakata vipande vya sufuria ya alumini na vya madini ya risasi, nikavining'iniza katika chupa nne za achari za mama yake, ndani ya maji ya mvua yaliyotiwa unga mweupe wa masonara wa kuungia dhahabu. Umeme ukipita mle haurudi. Mwisho tukafunga taa ndogo ya kioo iliyojazwa gesi, inayoshikilia nguvu isipande wala isishuke.

"Ukiiua redio," Devendra akasema, "usiseme unanijua."

Ikaongea. Baba akamkaripia msomaji kama mtu aliyechelewa chakula. Shangazi Hind, dada yake wa baba, mzaliwa wa hapa hapa, alilia kwenye kanga.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule ninayofundisha nikakuta nyumba inanuka kuungua. Shangazi alikuwa anafagia.

"Chupa zako zilipungua, mwanangu. Nimezijazia."

"Kwa maji gani, shangazi?"

"Ya kisima. Ya mvua si ya chai ya mgonjwa? Nitayamwagaje kwenye mashine?"

Kisima chetu kina chumvi. Kila nyumba mtaani hukinga ya mvua kwa chai, na ya kisima kwa mengine yote. Chumvi ilikuwa imevila vipande vya sufuria, umeme ukapata njia ya kurudi, na taa za ndani ya redio zikaungua.

Devendra alizichomoa moja moja. Safari hii hakufanya mzaha.

"Labda Bombay," alisema. "Lakini mpaka zifike..." Akamtazama baba, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Saa ya habari ilipofika, baba alijivuta akakaa. Akaiambia redio neno moja. Akangoja. Akalirudia polepole, kama anayembembeleza mgeni aliyenuna.

Sikuweza kustahimili. Nikamshika mkono nikamsomea Fatiha, kwa kuwa ndicho Kiarabu nilichokuwa nacho. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia amin. Kisha akajilaza, akanyoosha miguu vizuri, akafumba macho kama mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa saa yake imefika.

Asubuhi hakutaka chai. Nilimkuta shangazi ameinama juu ya mtungi wa maji ya mvua, kata mkononi, anajazia chupa.

"Huenda leo ikaongea," alisema.

Nikamshikia kifuniko.