Njia Aliyoiahidi Eleuterio

Viatu vyake vya kukimbilia bado viko chini ya kitanda. Cha kushoto kimelika upande wa ndani mpaka kitambaa kinaonekana. Cha kulia kingali kizima. Barabara ya kutoka mji mkuu imeinama pembeni ili maji ya mvua yaingie mtaroni, na wakimbiza mwenge wetu hukimbia upande uleule wa kulia kila mwaka, gari likiwafuata nyuma. Mguu wa kushoto wa mume wangu ndio uliokanyaga juu siku zote, na ndio ulioumia.

Kila Desemba watu wa San Lucas Tepoxco huwasha mwenge kwenye kanisa la Bikira wa Guadalupe, katika mji mkuu wa Mexico, wakauleta nyumbani kwa kupokezana mpaka kanisani kwetu. Eleuterio alikimbia kwa ajili ya binti yetu, Noemí. Alizaliwa akipumua kwa shida, na baba yake akapiga magoti kando ya kitanda changu, akaahidi kwamba kila mwaka atauingiza mwenge kijijini kwa miguu yake mpaka mtoto atimize miaka kumi na mitano.

Mwaka wa mwisho wa nadhiri, ugoko ukaanza kumuuma. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, akishuka kitandani. Baadaye ilikuwa kutwa.

"Msuli tu huo," alisema.

"Msuli gani unaomshusha fundi mwashi kwenye jukwaa la ujenzi kwa makalio, kama mtoto?"

Nilimpeleka zahanati. Daktari alibonyeza ugoko kwa kidole gumba, na Eleuterio, aliyewahi kuangukiwa na boriti mkononi asitoe sauti, akaruka. Picha ilionyesha ufa mwembamba, kama wa sahani.

"Mfupa umechoka," daktari akasema. "Zege la barabara halibonyei, kwa hiyo kila hatua inarudi mguuni. Ukiupumzisha utajiunga wenyewe. Ukikimbia utakatika, na hapo jukwaani usahau."

Tulikuwa tunaishi kwa jukwaa hilo.

Siku moja kabla ya msafara, Hilarión alikuja. Yeye ndiye baba wa ubatizo wa Noemí, kwa hiyo wao wawili huitana compadre, na ndiye dereva wa gari la wakimbiaji.

"Compadre, keti kwenye gari ushike mwenge, mimi niendeshe polepole. Bikira hatajua."

"Gari lako linasikika mpaka mbinguni. Atajua."

"Basi lishukuru gari. Wengine hata tukisali hatusikiki huko."

Eleuterio hakucheka. "Nisipoumia, hiyo ni nadhiri gani?"

Nilikuwa nakanda unga wa mahindi, na hasira ikanipanda. "Uliahidi kukimbia, mzee wangu. Kuvunjika hukuahidi. Na siku ile ulipopiga magoti, barabara ya kuingilia hapa ilikuwa ya nini?"

Eleuterio alisugua ugoko. "Ya udongo."

"Zege mmelimwaga juzi tu, wewe ukiwa mbele na koleo lako, kazi ya kijiji, Jumapili kwa Jumapili. Bikira mlimuuliza?"

Hilarión akakohoa. Eleuterio aliutazama mguu wake mpaka mkate wa kwanza wa tortilla ukaungua kikaangoni.

Safari hiyo alipanda gari, wenzake wakakimbia. Alfajiri tulikuwa tumesimama mwanzo wa kijiji, chini ya tao la maua ya karatasi, tukimsubiri ashuke njia panda, zege letu linapoanzia, aukimbize mwenge mpaka tulipo. Bendi ilikuwa tayari. Fataki zililipuliwa. Barabara ikabaki tupu.

"Ameanguka," nilimwambia Noemí.

"Mama, tazama kule."

Mwali wa mwenge ulikuwa ukipita nyuma ya mabua makavu ya mahindi, chinichini, taratibu. Eleuterio alikuwa ameshika njia ya zamani ya punda, ya udongo kama ile ya siku ya nadhiri. Nyuma yake walikuja wakimbiaji wote, fulana nyeupe, vumbi mpaka magotini, na mwisho kabisa Hilarión, kwa miguu, tumbo likitangulia. Ikabidi bendi ikimbilie kanisani, njia hiyo inakotokea, mpiga tuba akilaani mawe.

"Hiyo ndiyo njia?" msimamizi wa sherehe akapaza sauti.

"Ndiyo niliyoahidi!" Eleuterio akajibu, akihema.

Alichechemea, lakini aliingia kanisani kwa miguu yake miwili. Noemí ndiye aliyeupokea mwenge mkononi mwake. Kisha Eleuterio alipumzika kama daktari alivyotaka, na kabla ya mvua akawa amerudi jukwaani.

Agosti ya mwaka uliofuata ugonjwa wa mapafu ulimchukua. Wakimbiaji ndio waliobeba jeneza. Walipofika pale njia ya punda inapoachana na zege nilitazamia waendelee na zege, maana ndiyo njia fupi ya makaburini. Waliiacha bila kuulizana, wakashika udongo.

"Hapa laini, compadre," Hilarión alisema kwenye mbao za jeneza, kama anayemnong'oneza mtu aliyelala.