Mraba Mmoja wa Maji

Babu yangu mzaa baba alikuwa msoma mto wa kwanza katika bonde letu. Kila asubuhi aliteremka hadi kwenye nguzo ya kupimia, akatazama maji yamefika alama ipi, akaandika. Alipoitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka, hakimu alilipokea daftari lake bila kumwapisha. Baba yangu alirithi nguzo hiyo na daftari hilo, akavitunza kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna siku aliyoacha mstari mtupu. Mimi nilimfuata, nikastaafu kwa barua ya shukrani ambayo ingali imetundikwa sebuleni. Sisemi haya kwa kujitapa, ingawa sioni sababu ya kuficha kwamba najivunia. Nayasema ili ijulikane kwamba katika ukoo wetu tarakimu ni jambo la heshima, na mwenye kuichezea tarakimu hakai mezani petu.

Tulikuwa na utaratibu mmoja tuliopokea kwa babu. Kipimo kilisomwa na mtu mmoja kwa sauti, na mwingine akakiitikia kwa sauti kabla hakijaandikwa. Vinywa viwili visipokubaliana, hakuna kuandika cha huyu wala cha yule, wala hakuna kukadiria katikati. Mnateremka tena mtoni, mnatazama. Nilimwitikia baba tangu nikiwa na miaka saba. Mjukuu wangu wa kike aliniitikia mimi, akiwa amesimama kwenye matope, viatu vya shule mkononi.

Mjukuu huyo leo ni mhandisi wa maji. Alikabidhiwa kazi nzito ya kuchora ramani ya mafuriko chini ya bwawa, ili ijulikane, milango ya bwawa ikifunguliwa wakati wa mvua kubwa, maji yatafika katika nyumba zipi. Bonde lina nyumba mia mbili na saba. Nyumba itakayoangukia kwenye rangi ya buluu, wenyewe watahamishwa. Itakayobaki nyeupe, watakaa. Mojawapo ilikuwa ya dada yangu mdogo, mjane, aliyeishi peke yake kwenye kona ya mto, naye alikwisha kuapa kwamba hatoki pale ila ndani ya jeneza.

Hesabu ya namna hiyo haifanywi na kompyuta ya kuandikia barua. Bonde zima hukatwa katika miraba midogo, milioni kadhaa, na kila mraba huhesabiwa maji yake upya kila sekunde. Ofisi yake ilimruhusu anunue kompyuta iliyojengwa kwa kazi hiyo, akaniomba nimsindikize dukani.

Duka lilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye harufu ya plastiki mpya na vumbi lililoungua. Fundi wake mtaa mzima ulimwita Bisibisi, maana bisibisi haikubanduka nyuma ya sikio lake hata alipokuwa akila. Alitandika kitambaa juu ya meza, akapanga vitu vyake kama muuza vito, kisha akatueleza kwamba fungu letu ni moja, kwa hiyo tukiongeza hapa tutapunguza kule. Tungeweza kuchukua kadi kubwa ya picha, yenye feni tatu, inayohesabu mambo maelfu kwa mpigo mmoja, pamoja na vijiti vya kumbukumbu vya kawaida. Au tungechukua kadi ndogo, lakini tupate mazabodi, ule ubao unaobeba vyote, na prosesa ya kuhesabia, zinazokubali kumbukumbu ya kujisahihisha. Vijiti vya namna hiyo vina chipu ya ziada inayokagua kila tarakimu inapowekwa na inapotolewa. Moja ikigeuka, huirudisha ilivyokuwa, na tukio hilo huandikwa kwenye orodha.

Nilimuuliza tarakimu hugeukaje yenyewe. Akanijibu kwamba huenda ikawa joto, au umeme usiotulia, au kijiti kibovu, au miale tu inayotoka angani. Hutokea, na hakuna anayeona. Aliyasema hayo kwa wepesi, kana kwamba anazungumzia mafua. Miaka yote niliyokaa na madaftari sijaona tarakimu iliyobadilika baada ya wino kukauka.

Nikamuuliza mjukuu wangu kama programu yake inajua kuitumia kadi ile kubwa. Alikiri kwamba huitumia kwa sehemu ndogo tu, ila huenda toleo lijalo litaitumia zaidi. Nikasema basi tuchukue kumbukumbu yenye mwitikiaji ndani yake.

“Mzee, hiyo ni ya mabenki na ya watu wenye wasiwasi,” alisema Bisibisi. “Kadi hii ni mnyama. Binti akiiwasha, utausikia mto unanguruma humu ndani.”

Mjukuu wangu alicheka, akamchukua mnyama. Nami, niliyepaswa kukataa, nilinyamaza kwa sababu sikutaka aonekane mbele ya fundi kuwa anaongozwa na mzee asiyejua hata kuandika kwa vidole viwili. Kosa hilo ni letu sote wawili.

Kompyuta iliwekwa katika chumba cha nyuma nyumbani kwangu, kwa kuwa ofisini kwake umeme ulikuwa wa kukatikakatika. Hesabu moja ilichukua saa tisa. Aliiendesha mara mbili, kama nilivyomlea, kisha tukakaa mchana ule kusomeana: yeye akisoma matokeo ya pili kwenye skrini, mimi nikiitikia kutoka kwenye karatasi ya matokeo ya kwanza. Nyumba mia moja na arobaini zilikubaliana bila tofauti hata ya sentimita. Tulipofika kwenye nyumba ya dada yangu, karatasi yangu iliandika kavu, nikangoja. Mjukuu wangu hakusoma.

“Soma,” nikamwambia.

“Babu, inasema mita kumi na moja.”

Akanigeuzia skrini. Bonde lilikuwa lile lile, mto umetulia ndani ya kingo zake, mashamba meupe pande zote. Katikati ya weupe huo kulikuwa na mraba mmoja wa buluu nzito, karibu nyeusi, wenye ukubwa wa nyumba moja. Haukuwa na njia ya maji kuingia wala kutoka. Maji yalikuwa yamesimama tu mahali pa nyumba ya dada yangu, kina chake kikizidi urefu wa nyumba tatu zilizopandana, na hatua moja pembeni mwake ardhi ilikuwa kavu kabisa.

Aliiendesha mara ya tatu. Nyumba ikawa kavu. Akataka kuandika kavu, kwa hoja kwamba wawili wamemshinda mmoja. Nilimkumbusha kwamba mto haupigiwi kura.

Tulirudi dukani. Bisibisi alikipima kila kijiti siku nzima, na jioni akakuta kimoja chenye doa moja ambalo kikipata joto hugeuza tarakimu. Hakufanya mzaha tena. Alimrudisha mnyama kwenye boksi lake, akabadilisha mazabodi na prosesa, akatia kumbukumbu ya kujisahihisha, na kadi ndogo ambayo feni yake haisikiki. Hesabu sasa ilichukua saa kumi na sita. Tuliiendesha mara tatu, na mara zote tatu nyumba ya dada yangu ikawa kavu. Kwenye orodha ya makosa yaliyosahihishwa kulikuwa na sifuri.

Mjukuu wangu alipumua. Aliniambia kwamba mambo yamekwisha, kijiti kibovu tumekiona kwa macho. Nikamjibu kwamba bonde lina miraba mamilioni, karibu yote ni mawe na majani; kwa nini doa lile likaangukia kwenye paa la mtu, tena paa la mtu wetu?

“Ilikuwa lazima uwe mraba fulani, babu.”

Lilikuwa jibu la kihandisi, wala sikuweza kulivunja. Hata hivyo vinywa viwili vilikuwa vimetofautiana, nasi tulikuwa bado hatujateremka kutazama. Nilichukua kofia yangu.

Dada yangu alitupokea mlangoni saa saba mchana. “Kaka Rula huyo,” alisema, “amekuja kupima chai yangu kabla sijainywa.” Tetesi za ofisini zilikwisha kumfikia kwamba nyumba yake ni kavu, naye alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nilimuuliza kama kuna kilichobadilika nyumbani. Akasema hakuna, ila milango siku hizi inakataa kufungika, na paka hataki kuingia chumba cha kati.

Tuliingia chumba hicho. Kilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na saa ya ukutani. Jua lilijaa dirishani, lakini ubaridi wa chumba ulikuwa wa ghala. Nikatoa penseli mfukoni, nikailaza sakafuni kwenye pembe ya mlango. Ikabiringika taratibu hadi katikati, ikasimama. Nikailaza kwenye pembe ya pili; ikaenda katikati. Pembe ya tatu na ya nne, vivyo hivyo.

Mjukuu wangu alipiga magoti, akaweka sikio kwenye saruji, akanipungia mkono bila kuinua kichwa. Nami nikapiga magoti, jambo ambalo kwa umri wangu silifanyi ovyo. Chini, mbali sana, maji yalikuwa yakitembea. Hayakuwa yakidondoka. Yalitembea, kama mtu apitaye katika chumba cha pili akijitahidi asisikike.

“Hilo?” dada yangu alisema. “Mbona liko tangu mwezi uliopita. Nilidhani ni bomba la jirani.”

Jirani wa karibu yuko mwendo wa robo saa.

Nilimtaka afungashe. Alikataa. Alimgeukia mjukuu wangu, akamtaka amwambie kweli mashine imesemaje, na mjukuu wangu, ambaye sikumfundisha kusema uongo, akajibu kwamba imesema kavu. Dada yangu akafungua mikono kunionyesha kwamba hapana la zaidi. Hapo ndipo nilipomwamuru, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Kisha akasema kwamba atakuja kwangu wiki moja tu, kwa heshima ya marehemu baba na wala si ya penseli yangu. Alikuja Jumamosi, na paka wake, na saa ya ukutani, akilalamikia godoro.

Jumatano alasiri nyumba ile ilishuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua ng'ambo ya mto aliona kila kitu, na alipokuja kutueleza sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema hakusikia kishindo. Paa lilishuka wima, kama mtu anayekaa, kisha maji yakapanda kutoka chini na kutulia, yakiwa sawa na ardhi. Waliokuja kupima walitumbukiza kamba yenye jiwe. Ilifika chini kwenye mita kumi na moja. Mjukuu wangu alisaini karatasi yao, na dada yangu hajaulizia tena wiki yake imeisha lini.

Laiti ingeishia hapo. Ijumaa mjukuu wangu aliiendesha hesabu upya ili kukamilisha ramani. Nyumba zote mia mbili na sita zilizobaki zilitoka nyeupe. Lakini kwenye ile orodha, badala ya sifuri, palikuwa na moja: kosa moja limeonekana, limesahihishwa. Alimpigia simu Bisibisi, naye akampongeza, akisema kumbukumbu imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Mjukuu wangu akamuuliza kama inaweza kumwambia ni mraba upi ulioguswa, na tarakimu ilitaka kuwa ngapi. Bisibisi akajibu kwamba haiwezi. Imekwisha kusahihishwa.

Aliweka simu chini. Safari hii mashine ilikuwa imeufuta mraba wenyewe, nasi hatukujua ni nyumba ipi.

Vijana mnaosoma haya, nisikilizeni. Mkinunua kompyuta ya kuhesabia maisha ya watu, nunueni kwanza kumbukumbu inayojisahihisha, ndipo mfikirie mnyama wa feni tatu. Hilo silijadili na mtu. Lakini msije mkadhani kwamba mkishanunua mmemaliza. Katika nyumba mia mbili na sita tumekwisha kuingia kumi na tisa, na magoti yangu hayatafika hamsini. Kesho saa kumi na mbili asubuhi mjukuu wangu anaanzia darajani. Kila mwenye masikio mazima na afike, avae viatu vya matope, aingie chumba kwa chumba, aweke sikio sakafuni. Udhuru sitaupokea.