Miiba Kuzunguka Maji

Donatus alikuwa mlinzi wa bwawa la maji machafu katika mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, upande wa Geita. Maji yaliyotoka kiwandani na ile dawa kali ya kutolea dhahabu yaliingizwa humo yakauke kwa jua. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ukuta wa udongo kila asubuhi, kutafuta nyufa na kuziziba.

Mwaka ule wa ukame, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ukuta ulivuja chini kabisa, jembe lisipofika. Maji yakatokeza bondeni, karibu na njia ya ng'ombe, yakafanya vidimbwi vyeupe, vya kuvutia macho. Donatus alikwenda ofisini mara kwa mara. Stanslaus, karani aliyemtafsiria bwana mkubwa wa mgodi, Mzungu, alimjibu lile lile: "Bwana anasema waya wa ua unakuja."

Waya haukuja. Basi Jumapili, badala ya kupumzika, Donatus akakata miiba akavizungushia vidimbwi vyote. Kwao Ukerewe, ambako ziwa liko mlangoni, miiba ni ya kuzuia viboko wasile bustani. Alirudi na mikono iliyochanika, akalala usingizi mzuri.

Hapo bondeni aliishi mjane mmoja, Limi, aliyekuwa akimlea mjukuu wake Mabula. Mama wa mtoto alifia uzazini, na mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu. Limi alijua mke wa Donatus na binti yao Euphrasia wako mbali, kwa hiyo kila alipopita alimwachia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na kumwambia asifanye kazi na njaa.

Siku moja Donatus alisikia mtu akiita kwa uchungu. Alishuka mbio. Miiba ilikuwa imesogezwa pembeni kwa adabu, haikutupwa. Ng'ombe alikuwa chini, miguu ikitetemeka. Limi amepiga magoti, mtoto mgongoni, mkononi ana kibuyu kilichojaa maji.

Donatus alikipiga kile kibuyu kikapasuka.

"Baba Euphrasia! Una nini?"

"Umekunywa, mama? Mtoto je?"

"Bado. Nimeanza na ng'ombe, maana yeye ndiye anayetulisha."

"Hii ni sumu, mama. Ndiyo maana niliweka miiba!"

Limi alimtazama kama asiyemfahamu. "Miiba tunaweka kwenye maji mema, mwanangu. Tukichimba kisima mchangani, cha kunywa watu, tunakizungushia miiba mifugo isikichafue. Nilipoiona nikasema, huyu kijana ametuwekea akiba. Nikajua nikikuomba baadaye hutaninyima."

Ng'ombe alikata roho palepale.

Limi alidai mgodi umlipe ng'ombe mwingine. Kesi ikasikilizwa mbele ya ofisi ya mgodi, bwana mkubwa kitini, watu chini. Mama mmoja jirani, Mbuke, alikuja na mbuzi wake, akamkamulia Mabula maziwa papo hapo, bila kuombwa na mtu.

"Donatus," Stanslaus akauliza, "maji yalikuwa na ua?"

"Yalikuwa nao, lakini..."

"Mwanamke aliufungua?"

"Aliufungua, kwa sababu watu wa hapa wakiona miiba wanajua..."

Stanslaus alikwisha kugeuka. Alitafsiri kwa maneno mawili. Bwana akaitikia kwa kichwa, akasema kitu huku anatabasamu.

"Bwana anakushukuru. Mgodi ulitimiza wajibu wake, ua ulikuwepo. Anataka uongeze miiba."

"Mwambie na yale mengine, Stanslaus."

"Nimwambie nini? Wewe una kazi, na mimi ninayo."

Limi aliinuka, akajifunga mtoto. Alipopita karibu na Donatus alisema taratibu, "Ulitaka mema, mwanangu. Najua." Akaenda zake kwa kaka yake, kule Tinde, maana pale hakuwa na kitu tena. Donatus angependelea amtukane.

Kesho yake aliichoma miiba yote. Tangu hapo, akimaliza ukuta, alishuka kukaa vidimbwini na fimbo, kwa sababu kiangazi kilizidi na wafugaji wa mbali walipita na mifugo yenye kiu.

"Rudi! Maji haya yanaua!"

"Yanaua?" mchungaji mmoja alimcheka. "Kila mwenye kisima kizuri husema hivyo. Umekabidhiwa na nani, wewe?"

"Rudisha ng'ombe, kaka, nakuomba."

"Mchoyo! Maji ya Mungu unayakalia kama kuku atamiaye!"

Wenzake wakaangua kicheko. Wakamtukana na ukoo wake wote, wakaita mifugo kwa miluzi, wakaigeuza, maana maji yenye mwenyewe hayanyweshwi kwa nguvu. Donatus alisimama akiwahesabu kwa macho mpaka wa mwisho alipopanda mlima. Wote walikuwa wazima. Jina la mchoyo wa maji likaenea hadi minadani, na hakulikanusha.