Mzee Alois na Ushahidi Wake

...na huyu mzee bado anaongea, mikono imo kwenye ungo wangu, anamenya njegere kana kwamba aliitiwa kazi hiyo, "Mama Abel, tuoane, nitakutunza," anasema, na mimi namtazama soksi, moja ya kijani moja ya kahawia, anitunze mimi, hata miguu yake imemshinda, katoka nayo hivyo Uwemba hadi hapa Mahongole... kule barazani mjukuu wangu Peace anawafundisha watoto wa jirani, sauti kama kengele ya kanisa, kawasomea tangazo la mbolea, "Mbolea yetu ni bora kuliko zote! Hilo ni nini?" dai, mwaliiimu, "na ushahidi uko wapi?" mmoja anakohoa... haya, nitakutunza nalo ni dai, marehemu Efraimu wangu alidai hivyohivyo, akanitunza kwa kulala, kuni nachanja mimi, Mungu amrehemu, "Ulanzi nimeuacha, Mama Abel," la pili hilo, ila hili lina ushahidi, Fidelia muuza pombe hiyo kilabuni alilia sokoni Makambako kwamba mteja wake mkubwa kapotea tangu Pasaka, nilisikia, nasikia yote mimi, "na watoto wangu wameridhika," thubutu, binti yake Juliana juzi alinitazama kama nimemwibia kuku... "Mwalimu, wanasema wakulima wengi wanaipenda," Lidia huyo, "Wengi wangapi? Nani kawauliza?" safi Peace, wabane hapohapo... na mzee naye, njegere yenye funza anaitupa, nzuri anazisogeza upande wangu, wala hajui kama anafanya hivyo, sasa hili tuliite nini, hajadai kitu... lakini mimi simtaki, hilo ndilo dai langu tangu asubuhi, yeye Mkatoliki, magoti yanamlia kama mlango, nilimkubalia aje ili nipate cha kuwachekesha akina mama wa kwaya... basi ushahidi, mama, toa ushahidi... kitenge nimefunga kile cha harusi ya Abel, chai nimeitia tangawizi, na hao akina mama, mbona sijawaambia, mimi, niliyetangaza mimba ya mke wa mchungaji kabla mchungaji mwenyewe hajaijua, wiki nzima sijamnong'oneza hata mmoja, na hamu sina, nataka liwe langu... "Unasemaje, Mama Abel?" anauliza tena, taratibu, "Na dai lisilo na ushahidi tunalifanyaje?" Peace naye, tunalikataaa, mwaliiimu, nami na dai langu nainamia ungo, uso unaniwaka, watoto gani hawa wana kelele hivi.