Mstari wa Pili

Jumatatu asubuhi meneja wa kiwanda cha betri alipanda ngazi za kiwanda cha uchapaji, akaingia chumba cha kupangia kurasa na picha ya wafanyakazi wake. Walikuwa wamejipanga mbele ya ukuta wenye maandishi makubwa: USALAMA KWANZA. Alitaka bango la sherehe, la kutundikwa langoni. Kisha akaweka kidole juu ya watu watatu, akasema hao hawapo tena, waondolewe.

Mwanamke aliyepanga kurasa aliwajua. Wote walikuwa wa chumba cha kuyeyushia madini ya risasi ya betri. Walianza kuumwa tumbo, wakapauka, wakazikwa. Mdogo wake wa tumbo moja alifanya kazi chumba hicho hicho. Pichani alikaa mstari wa pili, meno yote nje. Mwanamke akaipokea picha. Kazi ni kazi.

Aliwafifisha wale watatu mpaka wakawa kama kioo, kisha kama hewa, akaziba nafasi zao kwa vipande vya ukuta. Skrini ikawa safi. Ndipo akageuza rangi, maana skrini hupaka kwa mwanga na mtambo hupaka kwa wino, na asiyegeuza hujikuta na nyekundu iliyofubaa kama tofali bichi. Akabana matabaka yote ya picha yakawa moja, akaishusha picha mtamboni.

Mtambo ulikuwa chini ya mikono ya mzee aliyeitwa Babu Wino, ambaye kucha zake hazijawahi kutakata tangu ujana. Alipomaliza karatasi ya majaribio alimwita aje aone.

Marehemu watatu walikuwa wamerudi mahali pao, rangi imekolea. Walio hai wa chumba cha kuyeyushia ndio waliotoka wakipenyeka kama kioo. Kifuani mwa mdogo wake neno KWANZA lilisomeka bila kukaza macho.

"Huyu umemfifisha," alisema Babu Wino.

"Sikumgusa. Nimemwacha kamili."

Babu Wino alifuta mikono kwa tambara. "Basi ndivyo alivyo, mwanangu. Mwanga una staha zake. Wino hauna haya."

Walichapa tena, ikatoka vile vile.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Wifi yake alikuwa akikunja nguo, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hilo analijua. Mumewe akisimama dirishani chumba hakiingii giza, na siku hizi hamwambii tena asogee. Mwanzoni alidhani ni kukonda tu. Mdogo mtu alitoka bafuni, akavuta kigoda, na mistari ya kanga iliyoanikwa nyuma yake ikaonekana vizuri.

"Wa chumba chetu wote tuko hivi, Dada. Msimamizi wa zamu anatuhesabu kwa kofia."

Wifi alicheka, kisha akaacha kucheka.

Dada mtu alimsihi atoke kwenye chumba kile. Akajibiwa kwamba maombi ya kuhamia kwenye ufungaji yalishapelekwa, na ufungaji umejaa. Kisha mdogo mtu akakuna kisogo, kama alivyofanya utotoni akitaka kitu.

"Bango wanangu wataliona. Huwezi kunikoleza kidogo?"

Kesho yake alimkoleza pichani. Alimweka juu ya nafsi yake mwenyewe, tena na tena, mpaka neno likafunikwa na kifua kikawa kifua. Lakini karatasi nayo ina kiasi chake cha kunywa wino. Babu Wino aliitundika kwenye kamba pamoja na nakala nyingine; zile zikakauka, hii ikabaki mbichi. Aliyemgusa mdogo wake aliondoka naye kwenye kidole.

Meneja alikuja kuitazama kazi. Alisimama mbele ya marehemu, akakumbuka kwamba yule mrefu alikuwa golikipa hodari. Kisha akasema haiwezekani watundikwe langoni.

"Bosi," mwanamke alisema, "huyu ni mdogo wangu. Mtoe kwenye kile chumba kabla hajaisha."

Meneja aliwatazama mmoja mmoja wale waliopenyeka. Alisema suala hilo linafahamika, liko mezani, na linahitaji subira. Halafu akauliza kama picha iko sawa kwenye skrini. Mwanamke hakuweza kudanganya. Akasema iko sawa.

"Basi tutaweka skrini."

Siku ya sherehe skrini kubwa iliwashwa langoni. Juu yake hapakuwa na aliyekufa wala aliyepauka, wote waling'aa. Watoto wa mdogo wake walimnyooshea baba yao vidole, wakashangilia. Wajane wa wale watatu walisimama ng'ambo ya barabara na nakala za bango walizopewa na Babu Wino, zimeviringishwa kwapani. Hotuba zilikuwa fupi, zikapigiwa makofi.

King'ora cha zamu ya mchana kilipolia, mdogo mtu alikuja kumuaga dada yake. Akampa mkono. Kiganja kilikuwa na joto, kizito, kimejaa sugu kama cha mfanyakazi yeyote. Ndani yake dada mtu aliviona vidole vyake mwenyewe, vimemshika.

"Nachelewa, Dada," alisema.

Akamwachia, naye akaingia kazini.